Mwanatabu na Okidi za Philister

Mwanatabu binti Hamisi hakuwa mtu wa maua ya kutazamwa. Kazi yake ilikuwa makuti. Tangu alipofiwa na mumewe, kila asubuhi alikaa barazani kwake Timbwani, kule Likoni, miguu kainyoosha mbele, akisuka makuti ya kuezekea nyumba za watu, hata vidole vyake vikawa vigumu kama fito. Asmini aliipenda, na kilua, na mrehani, kwa kuwa hayo yananukia na mwanamke hujitia nyweleni. Lakini ua lisilo na harufu, la kuwekwa kwenye chungu na kukodolewa macho, hilo kwake lilikuwa mchezo wa watu wenye nafasi.

Mchezo huo aliuleta mtaani Philister. Philister alikuwa mbara, mwanamke mrefu mwenye mifupa mikubwa na kicheko cha kusikika njia nzima, mke wa Dishon, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Changamwe. Walipanga chumba na sebule katika nyumba iliyopakana na ya Mwanatabu. Philister alikuwa akimfanyia kazi ajuza mmoja wa Kijerumani aliyeishi karibu na ufuo wa Shelly, na yule ajuza alipochoka na joto akarudi kwao, alimwachia mimea yake yote ya okidi. Ikaja imepangwa kwenye mkokoteni, imefunikwa magunia, na watu wakatoka nje kuangalia kama inavyoangaliwa maiti ya mgeni.

Siku ya pili Philister alipiga hodi kwa Mwanatabu.

"Mama, nimeambiwa wewe una makumbi ya nazi."

"Ninayo. Wataka ya kuwashia moto?"

"Ya kupandia maua."

Mwanatabu alidhani hakusikia vizuri. Alimwambia arudie, na Philister akarudia: makumbi, na vipande vya mkaa, na kama vipo, vifuu vizima vilivyotobolewa chini. Udongo hautaki. Maua haya yakitiwa udongo mizizi inaoza. Mwanatabu alimpa vyote, na kwa udadisi akamfuata mpaka kwake kuona kichaa hiki kitaishia wapi. Mwisho wake ni kwamba mimea ile ilihamia barazani kwa Mwanatabu, maana nyumba ya kupanga ilikuwa ya bati na jua lilikuwa likiichoma, ilhali makuti ya Mwanatabu yalitoa kivuli chepesi kinachopitisha mwanga. Philister akawa anakuja kila alasiri kuitazama. Hivyo ndivyo wanawake wawili hao walivyokuwa mashoga.

Maua yalipochanua kwa mara ya kwanza, Mwanatabu aliweka makuti chini. Bua refu lilichomoza kutoka katikati ya majani manene, likainama mbele, na juu yake maua yakatua kama vipepeo weupe, mmoja nyuma ya mwingine, wasioruka. Yalikaa hivyo wiki hata wiki. Kisha yakaanza kudondoka, na lilipodondoka la mwisho, Philister alikuja na kisu.

Bua lilikuwa bado la kijani, linang'aa. Mwanatabu alimshika mkono.

"Shoga, wataka kuufisha mmea? Kitu kibichi unakikata cha nini?"

"Sio kuufisha. Njoo uone." Philister alimwinamisha mpaka uso wake ukakaribia kugusa bua. "Hapa kuna vifundo, kama vya muwa. Kila kifundo kina jicho, limelala, limejifunika na kigamba. Anza kuhesabu kutoka chini: la kwanza, la pili, la tatu. Ukikata juu yake kidogo, upana wa kidole, jicho linaamka. Linatoa tawi, na tawi linatoa maua. Ukiacha bua lote kama lilivyo, nguvu inapandia huko juu kwenye kijiti kitupu, inapotea."

"Na likiwa limekauka?"

"Likikauka kata mpaka shinani, hakuna kilicholala humo. Na ukiona mmea wenyewe umechoka, majani yamelegea kama masikio ya mbuzi, usiuonee huruma. Hata bua likiwa bichi, kata chini kabisa, upumzike, utoe majani na mizizi kwanza. Ukiulazimisha kuchanua katika hali hiyo, utachanua, halafu utakufa."

Kisu alikipitisha kwanza kwenye moto wa jiko, akakiacha kipoe, asije akauhamishia mmea mmoja ugonjwa wa mwingine. Akakata, na juu ya jeraha akapaka unga wa mdalasini. Mwanatabu alicheka kuona mdalasini wa pilau ukifanywa dawa ya maua. Lakini miezi ilipopita na jicho lile likavimba, likapasua kigamba chake na kutoa tawi, hakucheka tena. Tangu hapo alipenda kukata yeye mwenyewe, na Philister alisimama pembeni, mikono nyuma, akimwachia.

Nyumbani kwa Mwanatabu walikuwa wawili tu, yeye na Mwanabibi, mdogo wake, aliyekuwa akishona nguo za watoto. Zamani alikuwapo pia Bakari, mtoto wa marehemu kaka yao. Mwanatabu alimlea tangu hajaota meno, na alipokuwa mkubwa akaenda kujitegemea upande wa Mtongwe. Alikuwa kijana mpole, lakini miaka ile upole ulikuwa ukimtoka. Alikwenda bandarini kutafuta vibarua, anarudi mikono mitupu. Akija kumwamkia shangazi yake, maneno yake yalikuwa hayo kwa hayo: kazi wanapewa watu wa bara, viwanja wanapewa watu wa bara, sisi wenyewe tumegeuzwa wageni.

"Dishon naye amekunyima nini?" Mwanatabu alimuuliza siku moja.

"Shangazi, simsemi Dishon."

"Basi unamsema nani? Wabara ninaowajua mimi ni hao."

Bakari aligeuza uso. Alikuwa akizitazama okidi, na mdomo ameubana.

Ilipofika Agosti ya mwaka tisini na saba, fujo zikazuka Likoni. Watu waliamka wakasikia kwamba kituo cha polisi kimevamiwa, watu wameuawa, vibanda vinawaka. Moshi ulionekana upande wa feri. Wabara walipita njiani na magodoro kichwani, wengine wakikimbilia kanisani, wengine wakitaka kuvuka kisiwani, na waliobaki majumbani walifunga milango wakakaa kimya. Dishon alikuwa kazini Changamwe fujo zilipoanza, akashindwa kurudi. Philister akasema hatoki mpaka mumewe aje, atamkuta wapi akija? Alingoja siku ya kwanza, akangoja siku ya pili, na asubuhi iliyofuata alipochungulia dirishani aliwaona vijana wakipita nyumba hadi nyumba wakiuliza wapangaji ni kina nani.

Aliruka ua wa nyuma, akaingia kwa Mwanatabu kupitia jikoni, pekupeku.

"Dada, nifiche."

Mwanatabu alimvuta mkono. Alimtia chumba cha ndani, akamwita Mwanabibi. Kukaa pale haikuwezekana, hilo walilijua wote watatu, kwa maana nyumba ile ndiyo ya kwanza mtu angeitazama. Ilibidi atolewe, afikishwe kanisani, na njia ya kumtoa ilikuwa moja. Mwanatabu alilivuta buibui lake la kutokea kutoka kwenye kasha, wakamvisha. Likaishia juu ya vifundo vya miguu. Miguu ile mikubwa ilionekana yote, na mwanamke wa Timbwani haendi njiani hivyo.

"Lina upindo mpana," Mwanabibi alisema, akiligeuza. "Nikiufumua litashuka. Nipe muda kidogo."

"Muda uko wapi?" Mwanatabu alisema, na kabla hajamaliza, akasikia nje watu wakitoa salamu.

"Shikamoo shangazi."

Ilikuwa sauti ya Bakari.

Mwanatabu alitoka akarudisha mlango nyuma yake. Bakari alisimama chini ya baraza, na pamoja naye mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, ambaye hakuwa wa mtaa ule, panga limelala begani kama jembe. Wa tatu alikuwa ameshazunguka upande wa uani. Mwanatabu alisikia mlango wa ua ukisukumwa. Basi njia ya nyuma ilikuwa imefungwa.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Hatukai, mama," yule mfupi alisema. "Tumeambiwa yule mbara wa nyumba ya jirani hakuonekana akitoka."

"Watu wamehama. Mimi nitajuaje nani katoka na nani hakutoka?"

"Tuangalie ndani."

"Ndani mdogo wangu anakoga." Uongo ulimtoka vizuri, ukiwa na sauti ya mtu aliyeudhika. "Pana msiba Ng'ombeni na yuko na mgeni wake wanajitayarisha kwenda matangani. Wewe utaingia kwa wanawake walio uchi? Mamako alikulea wapi?"

Mtu mfupi alimtazama Bakari. Bakari alitazama chini. Wakati huo jambo kama lile bado lilikuwa na uzito hata kwa mtu mwenye panga.

"Tutangoja," yule mfupi akasema.

Alikaa kwenye ukingo wa baraza, panga magotini. Kimya kikaingia. Mwanatabu alihisi kila sauti iliyo ndani ya nyumba ikija mgongoni mwake: uzi uliokatwa, nguo iliyoburutwa. Alifahamu kwamba kimya kile kikiendelea, masikio ya yule mtu yatapenya mlango. Macho yake yakaangukia vyungu. Mabua mengine yalikuwa yamemaliza kuchanua tangu mwisho wa Julai, na Philister na yeye walikuwa wamekubaliana wayakate wiki ile.

Jiko la asubuhi lilikuwa na makaa. Alilivuta karibu, akachukua kisu chake cha kukatia makuti, akakilaza motoni.

"Cha nini hicho?" mtu mfupi aliuliza.

"Nina kazi yangu. Mnangoja, na mimi siwezi kukaa bure."

Alivuta chungu cha kwanza. Akakibana kati ya magoti. Akaanza kusema, kwa sauti ya juu kidogo, kama mwalimu wa chuoni anayesomesha.

"Bua hili limemaliza maua. Lakini bado bichi. Hapa chini pana jicho la kwanza. Hili la pili. Hili la tatu, mwaliona? Mimi nakata juu ya hili." Alikitoa kisu, akakiacha kipoe, akipepea kwa kawa, pole pole, pole pole. Akakata. Kipande cha juu kilianguka sakafuni. Akafungua kikopo cha mdalasini, akapaka mahali palipokatwa kwa ncha ya kidole, akarudisha kisu motoni.

"Maua ya yule mbara haya," Bakari alisema.

Mwanatabu alikuwa akidhani ameshika mpini, kumbe ameshika makali.

"Ya nani?" akajibu. "Makumbi yangu. Vifuu vyangu. Mkaa wangu. Yako barazani kwangu miaka. Ulipokuwa ukija kunywa chai hapa uliyaona ya nani?"

"Shangazi, mimi naujua ukweli wa..."

"Basi shika hapa kama waujua. Nishikie bua lisicheze."

Alikuwa akimpa amri hizo tangu utotoni, shika hapa, leta kile, na mwili wa Bakari ukamtii kabla ya akili. Alichutama akashika. Mwanatabu aliona kucha zake zina masizi, na nguo yake inanuka moshi ambao haukuwa wa jikoni. Aliutazama mkono ule aliouogesha ukiwa mdogo kama wa mwanasesere. Akataka kuuliza, akameza.

Chungu cha pili bua lilikuwa limekauka, la kahawia. Alilikata mpaka shinani. Cha tatu kilikuwa na bua zuri kuliko yote, bichi, nene, na ncha yake bado ina ua moja. Lakini majani yake yalikuwa yamelegea na kukunjamana. Philister alikuwa amesitasita juu ya mmea huo wiki nzima. Mwanatabu alikitoa kisu motoni.

"Huu utakata wapi?" aliuliza mtu mfupi. Kwa mara ya kwanza alisogea. Kitu katika kazi ile polepole kilikuwa kimemvuta, au pengine kilimuudhi.

"Chini kabisa."

"Na mbona ni mbichi? Una ua."

"Mmea umechoka. Nikiuachia bua hili utamaliza nguvu zake zote kwa kujipamba, ufe."

Mtu yule alicheka kidogo kwa pua, akanyoosha mkono, akalichuma lile ua na kulisaga kwa vidole. "Basi kata."

Alikata. Na pale pale mlango nyuma yake ulifunguliwa.

Mwanabibi alitangulia, kajifunika, kikapu mkononi, analalamika kwa sauti kwamba wamechelewa na maiti atazikwa kabla hawajafika. Nyuma yake alitoka mwanamke mrefu, kajiinamisha, uso kauzungushia ukaya mpaka yakabaki macho tu, kiganja kimebana shavu.

"Mwenzangu jino limemuumbua," Mwanabibi alisema bila kusimama. "Hata kusema hawezi. Mtuwie radhi."

Wakashuka ngazi za baraza. Mwanatabu hakuthubutu kuinua kichwa, lakini macho yake yalikuwa usawa wa miguu, na aliona yale asiyotaka mtu mwingine ayaone. Pindo la buibui lilikuwa na mkanda mweusi zaidi, mahali palipofichwa na upindo tangu liliposhonwa, na mstari wa kukunjwa ulikuwa bado unaonekana. Na viatu vilikuwa kandambili za Mwanatabu mwenyewe. Visigino vya mwanamke yule vilitokeza nje, vikikanyaga mchanga.

Bakari naye alikuwa amechutama. Macho yake naye yalikuwa usawa huo huo. Mwanatabu alimwona akiutazama ule mkanda. Alimwona akivitazama visigino. Alimwona akifahamu.

Mtu mfupi alikuwa ameanza kugeuza shingo kuwafuata wanawake.

"Na hili, shangazi?" Bakari alisema kwa nguvu, akavuta chungu cha nne kwa mshindo mpaka mkaa ukamwagika sakafuni. "Hili nalo unakata wapi? Mbona lina mabua mawili?"

Mtu mfupi akageuka kutazama kilichomwagika.

Mwanatabu alikigusisha kisu makaani. Akasema: "Moja... moja limekauka. Hilo linakwenda lote. Lingine juu ya jicho la pili, maana la tatu limeumia." Alikata la kwanza. Alikata la pili. Kisu kilikuwa cha moto bado, kikakaanga bua, na mahali hapo pakageuka rangi, na hakujali. Alikuwa akisikiliza kandambili zikienda zikipotea njiani.

Walipotoweka wanawake, wanaume wakaingia ndani. Walipindua kitanda, walifungua kasha, walichungulia jikoni. Bakari ndiye aliyeingia chumba cha ndani, akakaa humo kitambo, akatoka.

"Hamna mtu," alisema.

Mtu mfupi, kwa hasira ya kupotezewa wakati, alipita barazani akivipiga teke vyungu. Vifuu vilipasuka, mizizi ikatapakaa. Wakaondoka, wote watatu, na Bakari hakugeuka nyuma.

Mwanabibi alirudi alasiri, uso umemshuka lakini mzima. Alikuwa amemfikisha. Njiani wamesimamishwa mara moja, na Philister amelia kweli kweli, machozi ya hofu yakasadikiwa kuwa ya jino. Mwanatabu aliposikia hayo alikaa sakafuni katikati ya mkaa na makumbi, akaanza kuokota mimea mmoja mmoja.

Kesho yake nyumba ya kupanga ilichomwa. Vitu vya Philister vilitolewa kwanza, redio, cherehani, magodoro, kisha moto. Mwanatabu alisimama dirishani akaona waliofanya. Bakari alikuwamo. Alikuwa amebeba redio.

Hilo ndilo jambo lililomkalia Mwanatabu kifuani kwa miezi. Bakari angekuwa mbaya tu, yeye angejua la kufanya naye. Angekuwa mwema tu, angejua pia. Baadaye msako ulipopita mitaani Bakari alikamatwa pamoja na vijana wengine, akawekwa ndani, akaachiliwa amekonda na kimya. Alipokuja kumwamkia, Mwanatabu alimpa chakula, akamngoja amalize.

"Siku ile barazani, ulimwona?"

"Nilimwona nani, shangazi?"

"Bakari."

Aliosha mikono muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono. "Mimi niliona maua," alisema. Na hakupata kusema zaidi ya hapo.

Mimea iliyonusurika Mwanatabu aliipanda upya. Ule aliouunguza kwa kisu cha moto ulikufa. Mwingine ukaoza mizizi. Lakini ule wa kwanza, alioukata juu ya jicho la tatu, ulivimba kifundo mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Shaabani ulipoandama ulikuwa na tawi lenye maua sita au saba meupe. Alipata habari kwamba Philister na Dishon wanaishi Changamwe. Akaufunga mmea ule kwa leso, akaupakata, akavuka feri.

Philister alimfungulia mlango na kupiga ukelele. Walishikana, wakalia, wakacheka kwa ajili ya jino. Mmea ukawekwa mezani. Kisha, chai ilipokwisha kumiminwa, Philister aliuliza bila kumtazama:

"Vitu vyangu walivichukua kina nani?"

Mwanatabu angeweza kusema hajui. Alikuwa amejitayarishia uongo huo kwenye feri.

"Wengi. Bakari alikuwamo, amebeba redio."

Philister aliweka kikombe chini.

"Na siku ile," Mwanatabu akaendelea, "alikuona visigino. Akamgeuza yule mtu macho. Hilo pia lazima ulijue."

Nje, mahali fulani, mtu alikuwa akigonga bati. Philister aligeuzageuza kikombe mezani mpaka chai ikapoa. Mwanatabu hakumharakisha. Hatimaye Philister alinyoosha kidole akaligusa jani la okidi, akalipapasa kuangalia kama ni gumu.

"Ule mdhaifu, uliokuwa na bua zuri. Uliufanya nini?"

"Niliukata mpaka chini. Upo. Umetoa jani."

"Vizuri," Philister alisema. "Mimi nisingethubutu."

Hakurudi kuishi Likoni. Dishon hakutaka kusikia hata jina la mahali pale, na Philister hakumlazimisha. Mwanatabu ndiye aliyekuwa akivuka, kila Idi na siku nyingine zisizo na sababu, na kila alipokwenda walikata au walipandikiza, na walizungumza ya kila namna isipokuwa ya kijana yule. Mpaka mwaka wa tisini na tisa, Bakari alipopata kazi ya kupakia mizigo Kongowea na kutaka kuoa. Mwanatabu alikwenda Changamwe akakaa, akazunguka maneno, mwisho akasema.

"Bakari anaoa. Sikuja kukuomba uje. Nimekuja kukwambia nisije nikawa nimekuficha."

Philister alikuwa akichambua mchicha. Aliendelea kuchambua.

"Sitakuja, shoga."

"Najua."

"Siwezi kumtazama nikala biriani yake. Redio sio kitu. Ile sura yake akiwa ameibeba, hiyo ndiyo siwezi, na sikuiona hata kwa macho." Alitupa shina la mchicha kando. "Lakini bibi harusi hajanikosea. Mwambie watu wa Changamwe wanamwombea kheri. Usiseme ni nani."

Mwanatabu alivuta kigoda akasogea karibu, akachukua fungu la mchicha kutoka kwenye ungo, na wote wawili wakaendelea kuchambua.